Mwanamke Chini ya Paa

Alama ile niliiona kanisani, mgongoni mwa kiongozi wa kwaya, katikati ya wimbo. Gauni lile nililishona mimi. Satini nyeupe, bitana nyeupe, na nilipolikabidhi jana yake halikuwa na doa. Sasa katikati ya mabega palikuwa na mistari myekundu iliyofifia: juu kitu kama paa, chini yake kitu kama mtu aliyepiga magoti.

Mama aliyesimama nyuma yake aliiona pia. Aliacha kuimba, wa pembeni yake naye akaacha, ikawa kwaya inazimika kidogo kidogo kama jiko lililoishiwa gesi. Kiongozi akageuka kuwatazama, ajue kwa nini wanamwangusha. Akashika kichwa. Kisha akaanguka kweli, na kipaza sauti kikapiga yowe hadi watoto wakaziba masikio.

Kanisa letu lilikuwa juu ya duka la matairi, mtaani Bertrams, ukumbi mrefu wenye viti vya plastiki, na mtu akianguka pale kila mmoja ana kazi yake. Wengine huomba, wengine hupepea, mmoja hutafuta gari. Siku ile iliongezeka kazi mpya. Kabla ya kumpeleka hospitali, akina mama walimvua gauni wakamfunga kitenge, maana hakuna aliyetaka atoke nalo mwilini. Wakalitia kwenye mfuko wa plastiki, wakaupiga fundo, na mmoja wao akanipa kwa mkono ulionyooka, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Mama, hii njo kazi yako," akaniambia. "Angalia muzuri."

Sikuhitaji kuangalia. Mkono uliochora vile naujua. Mwenye mkono huo alikuwa amekaa safu ya watoto, miguu inaning'inia, macho ameyakaza kwangu tu.

Binti yangu amefika ule umri ambao meno mapya ni makubwa kuliko uso. Alizaliwa hapa Johannesburg. Kiswahili chetu cha Uvira, Kongo, anakisikia chote, hata kile ninachonong'ona na baba yake, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na akigombana na wenzake uani anapayuka Kizulu. Mimi ni fundi cherehani. Nilizoea kwenda naye kununua uzi kwa mzee mmoja Mchina mwenye duka dogo la zipu, vifungo na lastiki, nyuma ya lango la chuma. Mzee yule alikuwa na tabia moja. Akichoka kukaa anachovya brashi kwenye kikombe cha maji, anachora maandishi ya kwao juu ya ubao wa kaunta, halafu anayaangalia yakikauka. Binti yangu alipoanza kuuliza, ukawa mchezo: mzee anachora namna watu wa kale walivyochora, mtoto anakisia kabla maji hayajakauka. Mlima. Jua. Mdomo. Mguu wenye vidole, unaoelekea mlangoni: huyo ni mtu aliyefika nyumbani. Mimi huku nachagua rangi ya uzi, nafurahi kwamba kwa mara moja mtoto hanivuti sketi.

Siku moja tukirudi, akanisimulia hadithi aliyopewa. Hapo zamani watu hawakuwa na maandishi. Walipiga mafundo kwenye kamba wasisahau mambo yao, kisha wakasahau fundo lipi ni la jambo gani. Ndipo akatokea mtu mwenye macho manne. Akainama kutazama nyayo za ndege na wanyama kwenye tope, akaona kila unyayo unataja mwenyewe. Akatoa maandishi humo. Siku alipomaliza, mbinguni kulinyesha nafaka badala ya mvua, na mizimu ikalia.

Tulikuwa tumesimama kwenye robot tunasubiri taa iwe ya kijani. Nikamuuliza mizimu ililia nini.

"Kwa sababu haiwezi kujificha tena," akanijibu kwa Kiingereza chake, kama vile ananiambia bei ya mkate.

Nikacheka. Nikamwambia kwetu tunasema mwenye macho haambiwi tazama, sasa huyo wa manne si ataona hadi yasiyomhusu? Tukavuka. Tangu siku hiyo akawa anachuchumaa kwenye bomba la uani asubuhi, mahali hadeda wanapotua kuchokoa minyoo. Hadeda ni ndege wakubwa wa kijivu, wana sauti ya mtu anayekabwa. Wao wakiruka, yeye anabaki na nyayo zao kwenye tope, anazifuatisha kwa kijiti. Sikuona ubaya. Sikujua kwamba hadithi ileile ameisimulia pia kwa watoto wa kanisani, na watoto wameipeleka kwa mama zao, na huko imefika ikiwa fupi zaidi: kwamba binti wa fundi anajua kwa nini mizimu inalia.

Jinsi alama ilivyoingia kwenye gauni niliielewa nilipofika nyumbani na kuligeuza ndani nje. Sisi mafundi tunaweka alama za kukatia kwa vipande vya sabuni vilivyobaki bafuni, ukifua, vinaondoka. Mtoto alikuwa amechora kwenye bitana kwa kalamu ya nta, ile nyekundu ya shuleni. Hukaa chini ya meza yangu ya kukatia na vitambaa vinapomning'inia usoni huvichezea. Siku ya kulikabidhi umeme ulikuwa umekatika, uliporudi nilishona mbio, mwenye gauni amesimama mlangoni, nikapiga pasi kwa nje bila kutazama ndani. Nta ikayeyuka, ikatokeza upande wa pili polepole. Hiyo ndiyo miujiza yote. Lakini nenda kawaeleze watu walioona mtu anaanguka.

Wakaja siku ya pili, mama watatu wa maombi, wamevaa vitambaa vyeupe kichwani. Nikawapa viti, nikawapa chai. Hawakuinywa, wao ambao chai yangu walikuwa wakiimaliza hadi sukari ya chini.

"Mama, tumekuya na amani," akasema mkubwa wao. "Lakini mutoto iko na kitu. Aliandika jina la muzimu ku nguo ya mutumishi wa Mungu, na mutumishi alianguka. Weye ni muzazi, hauwezi kuona. Siku ya tatu mumulete ku maombi. Tangu asubuhi asikule, asikunywe. Atabaki na sisi mupaka atasema."

"Atasema nini?"

"Ile iko ndani yake."

Mimi si mtu wa kunyamaza. Mume wangu husema ulimi wangu ungelipwa mshahara tungekuwa tumejenga. Lakini siku ile nilikusanya tu vikombe vilivyojaa, kwa sababu niliwahi kumwona mtoto "aliyesema". Ni mtoto wa jirani zetu wa zamani, mtaani Bellevue. Walimfungia kwenye maombi hadi akakubali kwamba usiku anaruka, kwamba alimla bibi yake. Akarudishwa nyumbani watu wakishangilia. Tangu hapo ukimuuliza lolote anajibu ndiyo. Una njaa? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Wewe ni mbuzi? Ndiyo, mama.

Nilitaka kukimbia. Niliwaza basi la kwenda Durban, kwa binamu yangu. Lakini ukikimbia umekiri, na kanisa letu lina ndugu kila mji. Mume wangu ni mlinzi kwenye ghala la bidhaa, alirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, akasikiliza, akavua buti, akasema, "Kwanza tujue ameandika nini." Kisha akalala na mkono machoni, lakini nilijua hajalala.

Nikamkalisha mtoto. Nikamuuliza kwa upole, nikamuuliza kwa ukali, nikamuuliza kwa kulia. Hakunijibu. Alikuwa ameelewa kila neno la wale mama, si nilisema Kiswahili anakisikia chote? Alikwisha kwenda kwenye begi lake la shule, akachukua kalamu zake za nta, akazitupa kwenye pipa la taka.

Basi nikabeba ule mfuko, nikaenda kwa mzee wa nyuzi. Nilikwenda nikiwa na hasira, sitaficha. Nilitembea nikiongea peke yangu, na nilipofika langoni nikapiga vyuma kwa ngumi nikimwita atoke. Aliniona, akarudi nyuma, akashusha komeo la ndani. Nilikuwa mteja wake wa miaka, na ananifungia! Kisha nikaona uso wake. Alikuwa anachungulia barabarani nyuma yangu, kulia na kushoto. Mji huu, mgeni mwenye duka anajua maana ya mtu mmoja anayepiga kelele langoni: nyuma yake huja wengi. Nami ninaijua hofu hiyo. Siku za maandamano dhidi ya wageni hufunga cherehani yangu nikazima taa mchana. Sikuwahi kufikiri kwamba iko siku mimi ndiye nitakayekuwa mtu wa langoni.

Nikashusha sauti. Nikatoa gauni, nikalinyoosha kwenye vyuma aone mgongo.

Akafungua. Akalilaza juu ya kaunta, akavaa miwani. Kiingereza chake na changu ni cha kununulia na kuuzia tu, kwa hiyo alinionyesha kwa kidole. Mstari wa juu: paa. Hapa chini: mwanamke, amekaa kwa magoti kama walivyokaa wanawake wa kwao wa kale. Mwanamke chini ya paa. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, akasema, ni amani. Hana shida tena. Amepumzika.

Hapo nikakaa chini, palepale kwenye katoni ya zipu, kwa sababu nilikumbuka. Kiongozi wa kwaya alipokuja kujaribu gauni, nikiwa nambana pini mgongoni, alianza kulia kimya kimya. Mwenye nyumba alikuwa amembadilishia kufuli. Alikuwa akilala sakafuni kwenye saluni anakosukia nywele, Yeoville, na asubuhi anajipaka mafuta, anakunja kitenge, anakuwa kiongozi. Aliniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba chini ya meza kuna mtu amekaa.

Mzee aliniletea maji. Akaona nalia, naye hakujua afanye nini na mama anayelia dukani kwake, akachovya brashi. Akachora kobe. Akanieleza, kwa maneno machache na mikono mingi, kwamba maandishi ya zamani kabisa ya kwao yamekutwa kwenye magamba ya kobe na mifupa ya ng'ombe. Wafalme walikuwa wanauliza maswali. Wanachoma mfupa hadi upasuke, wanasoma ufa, na swali wanalichonga pembeni. Nikamuuliza waliuliza nini, wafalme wakubwa hivyo. Akasema: Mvua itanyesha? Mke wangu atajifungua salama? Jino hili litapona? Halafu akajigonga kifuani, akasema neno moja ambalo sote wawili tulilijua vizuri kwa Kiingereza. Hofu.

Aliniomba jambo moja tu, kwamba huko kanisani nisitaje duka lake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Siku ya tatu ikafika. Asubuhi nilimpikia binti yangu uji, nikaweka maziwa na siagi ya karanga, nikasimama juu yake hadi akakwangua bakuli. Hilo walilolikataza ndilo nililolianza. Alasiri tukapanda ngazi za kanisa, baba yake mbele, mimi nyuma, mtoto katikati, na mkono wake kwenye mkono wangu ulikuwa unateleza kwa jasho kama samaki. Viti vilikuwa vimepangwa duara. Katikati palikuwa na mkeka. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, na ndani niliona godoro na ndoo.

Nilisema niliyokuja nayo. Nikashika gauni juu, nikawaonyesha nta, nikawaonyesha paa, nikawaonyesha mwanamke. Nikasema ni amani. Mchungaji alinisikiliza hadi mwisho. Si mtu katili, nataka hilo lijulikane, na ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu katili unaweza kumtukana.

"Mama, shetani pia anajua kuchora nyumba," akasema. "Nani alimufundisha mutoto?"

"Mimi."

"Weye unajua Kichina?"

Watu wakacheka. Nikasema najua kiasi cha kunitosha. Hakucheka yeye. Akainama mbele ya mtoto, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Binti, juu ya nini ulimuchorea huyu mama nyumba? Yeye iko na nyumba yake. Nani alikuambia hana?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lakini ni jibu la siri niliyoapa kuificha, na nilijua pia kwamba nikilisema bila mwenyewe kuwepo nitaonekana nimelitunga. Mtoto alitazama mkeka. Mchungaji akarudia swali. Mtoto akafungua mdomo, na mimi, Mungu anisamehe, nilichoogopa kuliko vyote ni kwamba atasema ndiyo.

"Ni miye nilimuambia."

Sauti ilitoka ngazini. Kiongozi wa kwaya alikuwa ameshika nguzo, amevaa kandambili, mkononi bado ana ile bangili ya karatasi ya hospitali. Hakuna aliyekuwa amekwenda kumchukua, alitembea. Akaingia kwenye duara, akajishusha kwenye mkeka, pale pale palipoandaliwa mtoto.

"Sina nyumba," akasema. "Ninalala ku saluni, chini, pembeni ya nywele ya batu. Nilimuambia fundi, na huyu mutoto alisikia. Na kuanguka, nilianguka juu ya tension, damu ilipanda. Dawa iliisha, nikaona haya ya kusema. Munaniimbisha kila siku ya Mungu. Hapana hata mumoja mwenye aliniuliza ninalala wapi. Ni huyu tu." Akamnyooshea mtoto mkono, na mtoto, ambaye kwa siku zile zote hakusema neno, akaenda akakaa kando yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mama yule alikuwa amekichungulia. Niliwatazama wale mama watatu wenye vitambaa vyeupe. Mmoja alikuwa analia. Mwingine alikuwa bado ananitazama mimi, na macho yake hayakubadilika, na hadi leo tukikutana sokoni Yeoville huvuta watoto wake upande wa pili. Mchungaji alifunga Biblia yake, akasema tumwombee mama apate pa kulala. Mume wangu akasema hakuna haja ya kuomba, mahali papo. Tukashuka ngazi wanne.

Kanisa tulihama. Hofu haikuhama. Kiongozi wa kwaya, ambaye sasa haongozi kwaya yoyote, alikaa na sisi, kwenye kona ya cherehani, na siku ya kwanza nilimwona amepiga magoti akitandika godoro lake chini ya paa langu. Ilikuwa ileile picha ya mgongoni. Nilijiambia ni mimi na mume wangu tuliomleta, si nta. Nilijiambia mara nyingi.

Binti yangu hakuchora tena. Miezi ikapita. Hadeda walitua, wakaruka, nyayo zikakauka kwenye tope bila mtu wa kuzitazama. Mzee wa nyuzi alimchovyea brashi, yeye akatazama nje. Akawa mtoto mtulivu, anayejibu vizuri, na watu wakanisifu, na kila waliponisifu nilimkumbuka yule mtoto wa Bellevue.

Kisha, majuzi, mume wangu akiwa bafuni anajiandaa kwenda zamu, nikachukua shati lake la kazi nilipige pasi. Nikageuza kola. Ndani, mahali panapogusa shingo, palikuwa na kitu chekundu kidogo kuliko kifungo. Mguu wenye vidole, unaelekea mlangoni: mtu aliyefika nyumbani.

Sikujua alipata wapi kalamu nyingine. Nilijua tu kwamba kila baba yake anapotoka jioni na buti zake, yule mtoto huwaza lilelile ninalowaza mimi, na kwamba alikuwa amekaa nalo peke yake muda wote huu, asithubutu kulisema. Nilifurahi hadi nikaona aibu, na niliogopa kuliko siku ya mkeka. Nikapunguza moto wa pasi. Nikapiga mabega, nikapiga mikono, nikazunguka kola kwa ncha, polepole, nisiuguse ule mguu.

Mume wangu akatoka, akavaa shati, akaniuliza kwa nini kola imekunjamana. Nikamwambia umeme ulikatika.